Moshi wa Thelathini na Moja

Nilikuwa nimelibana bomba la moshi kwa koleo, nikiteremsha waya wa joto ndani ya kikopo cha shaba kisichozidi kifuniko cha chupa, Baba aliponiambia nisogee, namzibia mwanga.

"Dirisha liko upande wako, Baba."

"Dirisha ni langu. Kichwa ndicho chako."

Nikakisogeza. Waya ule niliutoa kwenye kikausha nywele kilichoungua. Kazi yangu ni kutengeneza pasi, redio na vitu vya namna hiyo. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga. Ndiyo maana siku hizi kila hatua naiandika kwenye daftari kabla sijagusa kitu.

Juu ya meza palikuwa na injini ndogo ya treni ya mvuke, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Baba aliiunda kwa bati na shaba kwa miaka mitatu, akaipaka rangi nyeusi, akaandika ubavuni 31. Kwenye 31 ile kubwa alichochea makaa miaka kumi na mmoja, mpaka siku ilipopita taa nyekundu na kugonga kizuizi cha mwisho wa reli. Hakuna aliyeumia; yalivunjika mayai tu, kreti sita. Uchunguzi ukaandika kwamba moshi mzito, kwa uzembe wa mchochea makaa, ulimziba dereva macho. Baba alisema makaa ya siku ile yalikuwa vumbi lililoloa. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Akafukuzwa kazi.

Kesho kutwa maonyesho ya reli za zamani yangefunguliwa, na maneno yale yale ya uchunguzi yalikuwa yameshachapwa kwenye ubao wa ukutani. Injini ya Baba ingewekwa chini yake. Mara mbili aliomba yafutwe, mara mbili wakamjibu kwamba historia ni historia.

"Basi nitaipeleka ikiwa inafuka," aliniambia baada ya jibu la pili. "Fundi ni wewe."

Mtambo wenyewe si mgumu kueleza. Kwenye kikopo unatia glisirini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi. Utambi unanyonya, waya unachemsha, moshi mweupe unapanda. Chini yake kuna kifeni cha kompyuta ya zamani. Kwenye ekseli ya magurudumu makubwa nilifunga kigurudumu chenye meno manne, na kila jino likibonyeza swichi, kifeni kinapuliza mara moja. Gurudumu likizunguka mara moja, moshi unatoka mara nne, kama injini ya kweli inavyohema.

"Hodi! Bado mnapika?"

Alikuwa kaka yangu mkubwa, karani, na barua mkononi. Alivua viatu mlangoni, kisha akaona vipande vya bati sakafuni, akavaa viatu tena.

"Watu wa maonyesho wamejibu lile ombi la moshi," akasema. "Safari hii wamekubali, Mzee. Moshi wanautaka."

Baba akapandisha miwani. "Wanautaka?"

"Sikiliza. 'Uwe mzito kadiri iwezekanavyo, ili watazamaji wapate picha ya tukio.' Wenyewe wanakupa jukwaa!"

Nakiri kwamba nilifurahi. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiufukuzia uzito huo huo. Nikajaza kikopo, nikainua injini kwenye vijiti ili magurudumu yazunguke hewani, nikawasha. Waya ukapata moto. Bomba likakohoa mara moja, kisha moshi ukamwagika, mweupe, mnene, ukafunika kibanda cha dereva, ukafunika namba 31, ukateremka mezani kama uji uliochemka.

Kaka akapiga makofi. "Mdogo wangu, wewe ni mchawi!"

Baba alinyoosha mkono, akazima swichi mwenyewe, akangoja mpaka meza ikaonekana.

"Nani anachochea humo ndani?" akaniuliza.

"Baba?"

"Nakuuliza, maana huyo mtu amelala. Amemwaga sepetu tano kwa mpigo akaenda zake kulala."

"Mzee, acha hizo," Kaka akasema. "Pafukapo moshi pana moto."

"Aliyesema hivyo hajashika sepetu. Panapofuka moshi mwingi, moto hakuna. Makaa yanapita kwenye bomba mazima mazima, yanakwenda kuwachafulia watu nguo zilizoanikwa. Moto ukishika vizuri, moshi wake ni kama chandarua. Unauona, na ng'ambo yake unaona taa." Akaigusa 31 ubavuni. "Watu watasoma ule ubao, watainama waangalie moshi huu, watasema, kweli bwana, alikuwa mzembe. Na aliyewaonyesha ni binti yangu."

Nikafungua daftari. Kurasa kumi na moja, na karibu kila ukurasa nilikuwa nimeandika "mzito", "mzito zaidi", "mzito, safi sana". Nimekula meza moja na mchochea makaa miaka thelathini na minane, na sikuwahi kumuuliza moshi mzuri unafananaje. Nikapiga mstari juu ya kurasa zote.

"Ukiwapelekea mwembamba wataikataa," Kaka akasema.

"Waikatae ikiwa inafuka."

"Mzee, shuleni waliniita Mayai. Darasa la tatu mpaka la saba. Mayai! Nataka hili jambo liishe."

Nilitaka kumkasirikia, lakini sikuweza. Nakumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani na kupita nyuma ya nyumba ili asionwe analia.

"Na mimi nataka liishe, mwanangu," Baba akasema taratibu. "Ila haliishii midomoni mwao."

Nikaanza upya. Nilikata utambi ukabaki nusu, nikapunguza umeme wa waya wa joto, nikatoboa matundu mawili ya hewa pembeni mwa kikopo. Jaribio la kwanza, bado mzito. La pili, karibu usitoke kabisa. Kaka akasema hiyo sasa ni pumzi ya mgonjwa. Baba akamwambia mgonjwa anayehema bado ni mzima. La tatu nikatia matone kumi na mawili tu, nikawasha.

Ukatoka mwembamba, ukipanda juu bila kumwagika.

"Lete hiyo barua," Baba akasema. "Ishike nyuma ya bomba. Sogea kidogo. Hapo."

Kaka akaishika. Baba akainama, pua karibu iguse moshi, akasoma kupitia kwenye moshi, neno kwa neno: "'Uwe mzito kadiri iwezekanavyo.'" Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Herufi zote naziona! Hata muhuri. Dereva wangu alikuwa akiona hivi, miaka kumi na mmoja."

Akaichukua barua, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu yangu ya daftari: Itakuja. Moshi ni wangu. Akampa Kaka aipeleke.

Kaka aliisoma mara mbili. "Hukuweka hata salamu."

"Weka wewe, karani."

Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, lakini hakuondoka. Aliinamisha sikio kwenye injini. "Mbona inaruka? Fu, fu, fu, halafu kimya."

Alisema kweli. Jino la nne lilikuwa limelika, halikuifikia swichi. Nikaling'oa, nikalehemu kipande kipya cha shaba, lakini jua lilikuwa limeshaondoka dirishani, na lehemu ya moto haipigwi tupa.

"Usilishike leo," Baba akasema, akiifunika injini kwa kitambaa. "Utalipinda."

Nikaandika kwenye daftari: jino la nne, tupa laini, polepole.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" Kaka akauliza, akitazama viatu vyake.

"Mwanga ukiingia," nikamwambia. "Na kichwa chako usikiweke dirishani."