Baridi Nyumbani kwa Folke

Folke Hedman na kaka yake Evert walijenga nyumba zinazotazamana, hapa kijijini kwetu Jämtland, katika nchi ya Waswidi. Kilichowakosanisha ni shimo.

Folke alichoka kupasua kuni. Akaita mafundi, wakatoboa mwamba kwenda chini sana, wakazamisha mabomba ya kuvuta joto la ardhini, na pampu ikalisambaza nyumba nzima. Jiko la kuni akaling'oa. Mkewe Alva alishukuru kuachana na magogo. Lakini tangu siku ile kisima cha Evert kikawa kinatoa maji ya kijivu, yenye tope.

"Umeniharibia maji," Evert alimwambia dukani, mbele yetu.

"Kisima chako kibovu tangu enzi za baba."

"Haya, kaa na shimo lako. Kwangu usikanyage."

Wakanuniana miaka.

Januari moja dhoruba iliangusha miti juu ya nyaya. Umeme ukakatika, simu zikanyamaza, barabara ikafukiwa na theluji. Pampu bila umeme ni sanduku tu. Alva alikuwa kitandani na kichomi. Kufikia kesho yake, akipumua, mvuke ulimtoka kinywani humo humo chumbani. Ng'ambo, moshi wa jiko la Evert ulikuwa unapanda.

"Nenda kwa kaka yako," Alva alisema.

"Umeme utarudi sasa hivi."

"Folke, acha utoto."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie mkeo anakufa. Kiswidi anakielewa."

Aliendelea kungoja. Mchana ulipofifia ndipo akavuka, theluji ikimfika mapajani. Evert alifungua mlango, akamtazama, akachukua koti lake. Walimfunga Alva kwa ngozi za kondoo, wakamkokota kwa ubao wa kuvutia kuni, wakamlaza kando ya jiko. Evert akampashia maziwa. Alva alimeza kidogo.

"Hapa kuna joto," alisema.

Hakuiona asubuhi.

"Ungekuja jana asubuhi, mdogo wangu," Evert alisema.

"Ulinikataza."

"Nilikukataza, ndiyo." Evert alijifunika uso kwa viganja. "Na jana niliona madirisha yenu yameganda barafu. Nikasema, acha aje mwenyewe aniombe."

Tulidhani msiba ungewapatanisha. Wapi! Hata kutazamana hawakuweza. Theluji ilipoyeyuka Evert aliuza nyumba, akahamia kwa bintiye mjini Östersund. Folke yupo. Ukimtembelea utavua koti mlangoni, maana pampu inafanya kazi vizuri. Atakupa kahawa, mtaongea habari za uvuvi. Jina la Alva halitaji.