Mrushaji Hajainuka

...na kama hawezi kuinuka basi na wamwinue, wamshike makwapa wamtoe, maana mimi nimesimama na sinia la chai mlangoni mwa sebule yangu mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba, birika linapoa, na wote watatu wameganda mbele ya televisheni wakimtazama mtu mzima wa miaka arobaini na kitu aliyekaa kwenye nyasi akishika mbavu, Lockery, mrushaji wetu, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua nani arushiwe, Lockery aliyelia mbele ya waandishi wa habari wakati wa baridi akasema anastaafu, msimu wa joto akasema bado anafikiri, kisha akavaa tena kofia ngumu akarudi uwanjani kana kwamba hakusema kitu, na leo kagongwa na jitu ambalo hakuliona kabisa, lilimjia upande wa kushoto, nchi nzima ikaliona isipokuwa yeye... "Na atoke hapo!" anasema Baba, "atoke, hana haya, mtu mzima ovyo!" na mkono wake wa kulia umefumba ufunguo wa gari, ameufumba tangu mpira ulipoanza, anaugonga kwenye goti kila anapokasirika, na kila ukilia mimi meno yananiuma. Ami Mutuku, sema. Sema sasa, mpira umesimama, hakuna cha kutazama, ulichokuja kusema ni hicho hapo, kimekaa katikati yenu kwenye kochi... "Wacha mzee acheze!" anasema Ami Mutuku, mdomo umejaa kachori, "kwani anakula kwako?" "Anakula roho yangu!" anasema Baba, na wanacheka, wazee wawili waliokaa pamoja miaka yote ile kwenye foleni ya teksi uwanja wa ndege, Mzanzibari na Mkamba wa Machakos, walijifunzia mpira huu wa ajabu wa Kimarekani kwenye redio za gari wakingojea abiria, na ndiyo maana tulimchagua yeye. Tulifanya kikao kwenye simu, ndugu wote, mimi hapa Texas mjini Sugar Land, Zaki kule Richardson, wengine Unguja usingizi umewashika, na kila mmoja akasema vile vile, mtoto hamwambii baba yake maneno hayo, ni kumvunjia heshima, atafutwe mtu wa rika lake, rafiki, amwambie kwa upole, na Ami Mutuku alipopigiwa simu akasema, "Niachie mimi, msichana wangu, hiyo ni kazi ndogo, tukiangalia mpira nitamchomekea polepole, hata hatajua imeingiaje." Polepole gani hii, robo ya tatu sasa, ameshachomekea kachori kumi tumboni mwake na hajachomeka neno hata moja, na mpira ukiisha Baba atainuka, atavaa kofia yake, atasema kama anavyosema kila Jumapili, "Namfuata Nahla madrasa," na atatoka na ufunguo ule kwenda kumchukua mtoto wangu, na leo hamchukui, wallahi leo hamchukui, ila sijui nitamzuiaje... Alhamisi nilikuwa namsuka Nahla, kichwa chake kati ya magoti yangu, ananisimulia mambo yake ya miaka sita, mara kinyonga wa darasani, mara nani kamwagia nani maji, mara akasema, "Mama, me and Babu have a game," nikasema mchezo gani mwanangu, akasema wakiwa ndani ya gari wanashindana nani ataitaja kwanza rangi ya taa za barabarani, "and I always win, Mama, Babu is so slow," akacheka, na mimi nikalishika chanuo nikasahau linafanya nini. Mchezo wa rangi ni wangu. Nimewafundisha watoto wa chekechea rangi kwa mchezo huo huo miaka yote hii, kwa vifuniko vya chupa, kwa soksi, kwa chochote, najua anayeshindana na asiyeshindana. Mtoto wangu anakaa kiti cha nyuma na ndiye anayemwambia babu yake simama, nenda, na anadhani anashinda... "See? Hata hakugeuka!" anapiga kelele Zaki, wamerudisha picha tena, jitu linakuja, Lockery anatazama mbele tu, mbele tu, halafu yuko chini, "alimwona wapi, macho yame-expire hayo, kijana yuko benchi msimu wa pili ana-rot pale, huyu amekaa tu!" Kavaa jezi ya huyo kijana wa benchi, mdogo wangu, mtu mzima mwenye ndevu, kaja jana kutoka Richardson na mifuko miwili ya chipsi, na kwenye kikao ndiye aliyesema, "Wewe ndiye uliye karibu naye, Dada," kama vile kuwa karibu ni kosa nililofanya, sasa anakula, anapiga kelele, kesho atapanda barabara kuu arudi kwao, na mwezi ujao atapiga simu kuuliza, "So, mlimwambia?" Mlimwambia! "Hata wewe usingegeuka," anamjibu Ami Mutuku, "wewe ungekimbia mapema ukajifiche kwa mamako." "Ami, mimi angalau ningemwona!" Na Baba anaukita ufunguo gotini, anasema kwa sauti ile ya kuhitimisha mambo, "Mtu akishindwa kuona linalomjia ubavuni, kazi imekwisha. Mimi nikifika hapo nitaondoka mwenyewe, sisubiri kuambiwa." Ya Rabi. Kasema. Kaufungua mlango mwenyewe, kauacha wazi, hata upepo unaingia, Zaki ananitazama mimi, mimi namtazama Ami Mutuku, na Ami Mutuku... anachukua kachori. Anaigeuza. "Leo pilipili umeweka kidogo, mama," ananiambia mimi, bila kunitazama, na mlango umefungwa, Baba keshaanza tena kumtukana Lockery. Ningemmwagia birika zima. Mimi ambaye darasani sijawahi kupaza sauti, mzazi mmoja aliwahi kuniambia naongea kama mtu anayebembeleza kifaranga, ningemmwagia chai ile kwenye kofia yake ya sufu na nisiombe radhi, kwa sababu gani unakubali kazi kama huiwezi, kwa sababu gani unasema niachie mimi, na kwa nini leo umekuwa wakili wa Lockery, wewe uliyemtukana msimu mzima uliopita, uliyemwita gunia la viazi, leo wacha mzee acheze, leo ana uzoefu, leo uwanja ni wake... Daktari wa macho alisema presha ya macho imekula uoni wa pembeni, kwanza kushoto, akasema kwa Kiingereza cha kutafuna polepole ili asieleweke vibaya, usiendeshe tena, bwana, na Baba akaitikia kwa heshima zote, akamshika mkono, na tulipofika nje akasema, "Kijana mzuri yule, bado mdogo, atajifunza," akafungua gari akakaa kwenye usukani. Na Ijumaa niliuficha ufunguo. Nilijiona mjanja, nikauzika kwenye pipa la mchele, nikaenda kazini, nikarudi nikamkuta amekaa chini jikoni, sufuria zote nje, mito ya kochi nje, makabati wazi, akaniambia taratibu kabisa, "Badria, nadhani akili yangu imeanza kuondoka," na hakuwa anatania, macho yake yalikuwa ya mtu anayejiaga, na mimi nikajidai kutafuta, nikajidai kuupata nyuma ya friji, akanishukuru, akaubusu... tangu siku hiyo hauweki mezani, anaufumba. Kwa hiyo kuficha hapana. Sitamwibia mtu gari halafu nimwibie na akili. "Wanamzomea!" anasema Zaki, "sikia, mashabiki wake mwenyewe!" na kweli uwanja wote unazomea, watu wamevaa namba yake mgongoni na wanamzomea, madaktari wamepiga magoti pembeni yake, mmoja anamwonyesha vidole, Lockery anatikisa kichwa, anawasukuma, anagonga kofia yake kama kusema nipo, naweza, nipisheni, lakini haondoki chini. "Tazama, anasema anaweza," anasema Ami Mutuku. "Muongo!" anasema Baba. "Muongo ni wewe, wewe unajuaje mbavu za mwenzio?" "Wewe kinachokuuma nini, Mutuku? Ni shemeji yako?" "Akitoka huyo, mimi Jumapili nitaangalia nini?" anasema Ami Mutuku, na hacheki. Nitaangalia nini. Jumapili. Ami Mutuku haendeshi tena, aliacha mwenyewe sukari ilipomla nyayo asihisi breki, na kila Jumapili Baba ndiye anayekwenda kumchukua kule Alief, anamngoja chini ya ngazi, anamshika mkono, anamleta hapa, anamrudisha... bila Baba huyu mzee atakaa ndani ya chumba kimoja na televisheni yake Jumapili nzima, hatujamtuma mjumbe, tumemtuma abiria. Na kiti cha mbele Jumapili anakaa nani? Nani anayesema kijani twende, Mzee Ahmada, nyekundu hiyo, ngoja? Ana macho mazima, yule. Ana macho na Baba ana miguu, wanalisukuma gari moja wazee wawili, na akitoka yeye zamu ni ya mtoto wangu. Haya, Ami, nimekuelewa. Simmwagii chai. Lakini sikungojei tena pia, na sasa hasira sina mahali pa kuiweka, maana nilikuwa nimeiweka kwako ikakaa vizuri... "Actually, mnamwonea bure," anasema Zaki, anaokota chipsi kifuani mwake, "kosa si la Lockery. Mchezaji ukimuuliza, unaweza? atasema naweza, always, ndiyo maana akawa mchezaji. Kosa la kocha. Kocha ndiye wa kumkalisha. Amkalishe, wamchukie, yaishe." "Kocha anamheshimu," anasema Ami Mutuku. "Mwoga huyo," anasema Baba, na sauti imepanda, kaukunjua mgongo, "heshima gani hiyo? Heshima gani ya kumwachia mtu avunjwe mbavu mbele ya watu, na wewe umesimama pembeni umefunga mikono?" Nimesimama pembeni. Sijafunga mikono, ina sinia. Na nimesimama hapa tangu Lockery alipoanguka, na nilikuwa naona uchungu, nikisema moyoni mwangu tazama, hata hanigeukii, hata kusema weka hapa mwanangu, chai mpaka ipoe, amenifanya mtumishi... mlango huu wa kutokea jikoni uko kushoto kwake. Kushoto. Zaki ananiona, Ami ananiona, Baba hanidharau, Baba hajui kama nipo. Nikiinua mkono... nauinua mkono mmoja, sinia naliegemeza tumboni, napunga, kidogo, kama ninavyowapungia watoto nje ya dirisha la basi, hatua tatu kutoka sikioni kwake, naupunga, na Baba anatazama mbele tu, mbele tu. Zaki ameacha kutafuna. Hapa ndipo Nahla angekuwa anavuka barabara. Hapa ndipo mtoto wa mtu yeyote. Kikao kizima kile, ndugu wote wale, usiku wa Unguja na mchana wa Texas, na hakuna aliyesema jambo dogo hili, kwamba tulichokuwa tunakiita heshima ni kila mtu kukataa kuchukiwa, tulitaka aondoke na aendelee kutupenda, tulitaka Lockery ajikalishe mwenyewe benchi kisha atushukuru. Atanichukia. Haya. Atasema nimemlea, nimempokea mtoto wake mikononi mwangu akiwa hajafunguka macho, leo ananinyang'anya, atakataa chakula changu, atampigia kila mtu Unguja, atakaa na mgongo kwangu hata Ramadhani ipite, na mimi kila Jumapili nitamfuata Nahla mwenyewe, nitamfuata na Ami Mutuku mwenyewe kule Alief, na Ami atalalamika naendesha kama konokono, na Baba atakuwa amekaa kiti cha nyuma kwa hasira, kimya, mzima. Mzima, na mtoto mzima. Kwa bei hiyo nanunua. Namkasirikia hata sasa, sitajidai kuwa malaika, nakasirika kwamba ni mimi, nakasirika na mchezo wake wa rangi, alivyomvika mtoto kazi ya mtu mzima akaiita mchezo, lakini hasira hii nayo ina kazi, itanivusha zulia. Mtoto akishika mkasi humnyang'anyi, ndilo jambo la kwanza ninalowaambia walimu wapya, ukivuta na yeye anavuta, na chuma ni chuma, humkimbilii, humpigii kelele, unakwenda mpaka mbele yake anapokuona vizuri, unashuka mpaka macho yako yalingane na yake, unaufungua mkono, unangoja, na huuondoi mkono, hata alie, hata akuite majina, huuondoi. Nazunguka nyuma ya kochi, napita kulia kwake, naliweka sinia mezani kando ya sahani ya kachori, Ami Mutuku ananitazama halafu anatazama magoti yake, kwenye televisheni Lockery bado amekaa kwenye nyasi, bado anagonga kofia, bado wanamzomea, napiga magoti kwenye zulia mbele ya Baba, uso wake unanikuta, unachangamka, "Ah, Badria, umeingia saa ngapi?" naufungua mkono wangu wa kulia chini ya kifua chake, mweupe wa unga wa kachori, na Baba anatabasamu, anainama pembeni, anakiokota kikombe chake kitupu cha chai ya mwanzo kwa mkono wake wa kushoto, ananiwekea kiganjani. Kina joto kidogo bado. Nakiweka chini. Naufungua mkono tena.

"Si kikombe, Baba."