Mgeni Aliyeonjeshwa Mkate

Mama mkwe wangu, Seyilkan, alimtambua kabla yangu. Nje theluji ilikuwa inafika magotini, lakini yule mgeni aliingia na buti kavu. Hakututazama sisi. Alimtazama mwanangu Doolot, aliyelala kwenye magodoro akihema kwa shida, na njia ya kwenda kwa daktari, mjini Naryn, ilikuwa imefungwa na theluji.

"Karibu, mwanangu. Usisimame mlangoni kama polisi," mama mkwe alisema. Kisha akaninong'oneza, "Jypar, lete mkate. Upesi!"

"Sikai, mama. Nimemfuata mtoto tu."

Nikaleta mkate na chai, nikaviweka mbele yake.

"Nani kakwambia ukae?" mama mkwe akamjibu. "Onja tu. Au siku hizi unapita mlango wa watu bila kuonja mkate wao? Mama yako hakukufunza?"

Kwetu hata anayewahi mazishi humega kipande. Mgeni akasita, akamega, akatafuna. Bibi kizee akapiga makofi. "Umekula chumvi yetu! Haya, mguse mtoto tuone."

Mgeni akacheka. "Umeniweza, mama. Nikishakula kwa mtu siwezi kumnyang'anya. Labda mniridhie wenyewe."

"Kalaghabaho! Utangoja sana. Kunywa chai yako uende."

Nililia kwa furaha. Siku ile nilimpenda yule bibi kuliko mama aliyenizaa.

Mgeni akamaliza chai, akafungua viganja aiombee nyumba dua, kama afanyavyo mgeni yeyote mwenye adabu. Nasi tukafungua vyetu. Akatuombea mifugo inenepe, mume wangu arudi salama na farasi wake, mama mkwe apate umri mrefu. Alikuwa na sauti nzuri, ya kumlaza mtu.

"Na huyu mdogo," akamalizia kwa sauti ileile, "aende nami bila maumivu."

"Amin," tukaitikia sote wawili, tukajipangusa nyuso.

Mikono ilikuwa bado usoni nilipoielewa ile dua. Mama mkwe alipiga yowe, akamwangukia miguuni. "Sikukusudia! Ni mazoea tu, baba! Ni ulimi, si mimi!"

"Najua, mama," alisema. Nadhani alituonea huruma, lakini huruma yake haikutufaa kitu.

Nilimlalia Doolot, nikamfunika kwa mwili wangu mzima. Alikufa chini yangu, bila maumivu, kama tulivyoitikia.