Mzee wa Darasa la Tano

Kaka alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, mawe anayatupa kwenye kifuniko cha sufuria, wakati miguu ya mama yake ilipoacha kufika sakafuni. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi pembeni ya baba, na msokoto wa bangi ulikuwa mkononi mwake. Kandambili moja ikadondoka, kisha ya pili. Kaka akanyanyua macho, akaona mama ameshashuka hadi umri wa msichana wa sekondari, akarudi kwenye maharage yake. Yalikuwa na mawe mengi, utadhani muuzaji alikusudia wateja wajenge.

"Baba, mtakula sasa hivi au baadaye?"

"Baadaye, bwana. Usituharakishe," alisema baba. Ndevu zake zilikuwa zimeshaondoka.

Bangi haimfanyi kila mtu jambo moja. Wapo inaowachekesha, wapo inaowatia njaa, wapo inaowafanya washuku hata kivuli chao. Baba na mama wa nyumba hii iliwavua miaka. Miaka iliwatoka pamoja na moshi, kidogo kidogo, na ikifika saa ya chakula, pale kwenye kochi walikuwa wamebaki watoto wawili wa miaka kama minane, nguo zimewameza, wanagombania mto. Sasa, miaka ikishamtoka mtu haiwezi kubaki inaelea sebuleni. Lazima imtue mtu. Ilikuwa inamtua Kaka.

Kwanza sauti yake ilikuwa nzito. Zikafuata ndevu, kisha tumbo, kisha mvi, na mwisho magoti. Maharage yalipoiva, Kaka, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu anayeshika kiuno akiinuka. Akawapakulia wote. Akampulizia mama chakula kipoe, akamfuta baba makamasi, akawatenganisha walipoanza kupigana mateke, akawalaza. Baba hakukubali kulala mpaka aimbiwe. Kaka aliimba kwa sauti nzito ya uzee ambayo, kusema kweli, haikuwa mbaya.

Asubuhi moshi ulikuwa umekwisha na kila mtu amerudi alikokuwa. Baba alitoka chumbani mtu mzima, kichwa kizito, anajinyoosha.

"Jana tulilala mapema, eh?"

"Ndiyo, baba."

"Safi sana. Nyumba imetulia."

Hawakuwa watu wabaya, jamani, tusiwasingizie. Baba alikuwa fundi wa friji, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Friji iliyokataa kugandisha kwa mafundi wengine ilifika kwake ikatoa barafu. Mama alisuka nywele kibarazani, na wateja walimpenda kwa sababu hakuwavuta vichwa. Waliwapenda watoto wao. Walisema tu kwamba jioni mawazo huwa mengi, na wao wanayatuliza. Zamani waliyatuliza mwisho wa juma. Siku hizi mawazo yalikuja kila siku.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini Kaka asitoke tu nje, akacheze na wenzake, miaka imkose? Alishajaribu. Siku moja alibaki shuleni kwa mazoezi ya kukimbia, maana alikuwa na mbio kwelikweli, na mwalimu wa michezo alishamwambia. Aliporudi akamkuta mdogo wake ameketi kwenye kigoda. Huyu mdogo wake wa miaka mitano walimwita Chiriku, kwa sababu kuanzia anapoamka mpaka anapolala mdomo haukufungwa. Jioni hiyo Chiriku alikuwa mwanamke wa makamo ndani ya gauni la mtoto lililochanika mabegani. Mikono yake ilikuwa na mishipa. Alikuwa anawatazama baba na mama wakirukaruka juu ya kochi, na hakuwa na neno.

"Chiriku, umekula?"

"Mgongo unaniuma, Kaka," alisema. "Mimi nimechoka sana."

Asubuhi alirudi mtoto kama kawaida, lakini alikaa siku kadhaa bila kuongea. Kaka aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Hakwenda tena mazoezini. Kila jioni alimtoa Chiriku akakae kibarazani kwa jirani, mama mwenye duka, na yeye akavuta kigoda karibu na kochi, akasubiri.

Laiti miaka ingekuwa inaondoka yote kila asubuhi, pengine mtu angezoea. Ila kuna jambo Kaka alilijua kwa kuchelewa. Jioni moja alitumwa chumvi dukani akiwa ameshazeeka, akakutana na binti mdogo mlangoni.

"Shikamoo, babu," alisema yule binti.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Kaka, kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angejibu.

Kesho yake aliamka mtoto, lakini magego mawili hayakurudi na juu ya sikio kilibaki kishungi cha mvi. Wiki nyingine akamwitikia kijana wa kuuza maji, na goti la kushoto likabaki na uzee wake mpaka leo. Hapo akaelewa. Akisalimiwa akanyamaza, miaka inapita tu. Akiitikia, ameipokea. Na baba na mama hawakupungukiwa na kitu, wao yao ilirudi kamili kila asubuhi. Kilichobaki kwa Kaka kilikuwa cha Kaka.

Basi akaacha kuitikia. Mtaa mzima ukasema kile kizee kinachoonekana jioni kina dharau, kinasalimiwa na watoto wa watu kinaangalia pembeni. Shuleni nako wenzake walimwita Mzee wa Darasa la Tano, kwa ajili ya mvi na kwa sababu alisinzia kwenye kila kipindi. Mwalimu alimwambia mvi haziruhusiwi kwa wanafunzi, azinyoe, na aje na mzazi. Baba alikwenda, macho mekundu, akamshika mwalimu mkono kwa unyenyekevu, akaahidi kwamba mtoto atabadilika.

Aliyepiga simu ni mama mwenye duka. Alimpigia shangazi yao, dada mkubwa wa baba, mshonaji wa sare za shule katika mji mwingine. Shangazi hakuwa na maneno mengi, ila aliyokuwa nayo yalikata.

"Nawafuata watoto Jumamosi. Wote wawili," alimwambia baba. "Kama unabisha, bisha sasa hivi nikusikie."

Baba hakubisha. Alilia kwenye simu, akasema sawa, dada. Lakini Kaka alimjua baba yake. Mwaka uliopita Shangazi alikuja kwa kazi hiyohiyo, akakubaliwa jioni, akalala, na asubuhi baba akaamka mtu mzima akasimama mlangoni: hawa ni wanangu, hakuna mtu atawatoa humu. Safari hii ilikuwa lazima waondoke kabla baba hajalala na kuamka. Shangazi naye alilijua hilo. Alisema atafika asubuhi na ataondoka na gari lilelile.

Jumamosi hiyo baba na mama walijitahidi, lazima tuseme. Tangu alfajiri hawakugusa kitu. Baba alifagia mpaka nyuma ya kabati. Mama alifua sare za Chiriku, kisha akamweka katikati ya magoti yake amsuke vizuri, asiende kwa watu kama hana mama. Alikosea mistari mara nyingi, akafumua, akaanza upya. Kaka alifunga mizigo yao kwenye begi moja, akakaa juu yake. Alikuwa mtoto kamili, ukiacha mvi na goti, na mwenye furaha.

Gari liliharibika njiani. Saa za asubuhi zikapita, na za adhuhuri. Baba alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Dada yangu ana maneno makali," alisema. "Sijui nitamtazama vipi."

"Hata mimi," alisema mama.

"Kamoja tu. Ka kutuliza moyo."

Kaka akasimama. "Baba, tafadhali. Leo tu."

"Kamoja, mwanangu. Hakana madhara."

"Basi mama, mwachie Chiriku tutoke nje."

"Nimefika nusu ya kichwa," alisema mama, na macho yake yalikuwa na machozi. "Ngoja nimalize. Ndiyo mara ya mwisho namsuka, jamani, hata hilo mnaninyima?"

Kiberiti kikawaka. Chiriku alikuwa amebanwa katikati ya magoti. Kaka aliutazama mlango uliokuwa wazi na jua lililokuwa nje yake. Kisha akavuta kigoda, akakaa katikati ya kochi na mdogo wake, karibu kabisa, moshi usimpite.

Shangazi alipopiga hodi, mikono ya mama ilikuwa imeshakuwa midogo mno kuweza kusuka, na Chiriku alikuwa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mzee mwenye kaptura ya shule iliyombana alikuja kufungua, anachechemea.

"Shikamoo, mzee," alisema Shangazi.

Mzee hakuitikia. Shangazi akaingia, akaweka mkoba wake, akatazama kochi. Mvulana aliyevaa shati la mtu mzima alimtazama kwa woga.

"Dada," alisema yule mvulana.

"Kumbe hujaacha," alisema Shangazi. Zamani alimbeba mgongoni mdogo wake huyu akiwa na sura hiyohiyo.

"Shangazi, ni mimi," alisema Kaka. Sauti ilimtoka nzito na akaichukia. "Ni mimi Kaka. Twende tu hivihivi. Asubuhi nitakuwa sawa."

Shangazi akatoa futi yake mkobani, akampima mabega, akampima kifua. Akatoa shati jipya jeupe alilomshonea, akajaribu kulifunga, vifungo vikakataa. Yule mvulana wa kwenye kochi akalitamani, akalichukua, akalivaa. Likamkaa vizuri. Shangazi hakumvua.

"Hawa wawili nani atabaki nao?" aliuliza. "Jiko linawaka pale. Mlango hauna komeo. Jirani yenu nimepita, amefunga duka."

Kaka alilitazama jiko.

"Mimi siwezi kuacha watoto ndani bila mtu mzima. Sina roho hiyo. Kama hakuna mtu mzima, basi haondoki mtu, tutalala hapa, na asubuhi tutasikia atakachosema baba yako."

Nje dereva alipiga honi. Chiriku alikuwa ameshashika mkono wa mkoba wa Shangazi kwa mikono miwili. Alikuwa anamweleza kwamba yeye anajua kufunga kifungo mwenyewe, na kwamba shuleni atakaa mbele, na kwamba hatalia usiku, na je, huko kuna paka? Alikuwa anaongea bila kupumua, kama zamani.

Kaka alimsikiliza. Alikuwa na hamu kubwa ya kwenda. Alitaka kukimbia kwenye uwanja ambako hakuna mtu anayemwita mzee, alitaka kulala bila kumwimbia baba yake.

Shangazi alimtazama machoni. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza swali:

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Kaka, safari hii akijua anachokipokea, akakipokea chote.

Shangazi akafuta macho kwa upindo wa khanga, akamshika Chiriku mkono. Chiriku alimkumbatia Kaka kiunoni, akamwambia aje haraka, asisahau viatu. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye gari, na kwenye gari pia, mpaka lilipokata kona. Kaka akarudi ndani. Mama alikuwa anataka maji.

Asubuhi baba na mama waliamka watu wazima. Walimkuta mzee jikoni anakoroga uji. Hawakuwahi kumwona Kaka wa jioni kwa macho ya watu wazima, kwa hiyo hawakumjua, lakini hawakushangaa pia. Nyumba ilikuwa nadhifu na uji ulinukia vizuri.

"Shikamoo, mzee," alisema mama. "Dada mtu ndiye aliyekuleta utukalie?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Na watoto je?"

Kaka aliendelea kukoroga. Akisema mkubwa amebaki, baba atafunga safari kwenda kumrudisha mdogo, maana hakuwahi kupenda watoto wake watenganishwe.

"Wamekwenda wote wawili," alisema.

Mama alilia, na alilia kweli. Baba alimshika bega, akasema afadhali, huko watasoma, watoto wamepata bahati ambayo sisi hatukuipata. Kisha wakakaa kwenye kochi, bega kwa bega, na Kaka akawapelekea uji. Hawakuugusa. Baba alikuwa ameshaingiza mkono chini ya mto wa kochi, anatafuta.

"Leo uchungu ni mwingi," alisema baba. "Leo lazima tuanze mapema."

Mama akajipangusa uso, akamtazama yule mzee aliyesimama mbele yao na mabakuli mawili.

"Samahani, mzee wangu, wewe una watoto?"

"Ninao wawili," alisema Kaka.

"Mungu akukuzie," alisema baba, na akamwomba kiberiti.