Taa ya Njano kwenye Gari la Mama Sabrin

...na bado inawaka, sasa mbona inawaka, gurudumu limenyamaza kabisa, ule mngurumo ambao Mama Sabrin aliusikia tangu kule mjini Kiboko umekwisha, Mutanu mwenyewe ameliendesha gari mpaka kwenye reli na kurudi, akafunga breki, likatulia vizuri, na katikati ya furaha hiyo taa ya njano ya breki ikajiwasha kwenye dashibodi, asubuhi haikuwako, imekuja na hii beringi mpya ya gurudumu, si ile ya kiwandani, ni ya duka la spea hapa Sultan Hamud, na ameifunga yeye, kazi yake ya kwanza kuachiwa peke yake, miezi kumi na nne ya kuwashikia wengine tochi na kuosha bolti kwa dizeli, hata Mama Sabrin akasema leo gari langu lishikwe na huyu msichana, na sasa Mama Sabrin amesimama pale nje na mamake mzazi, masanduku ya harusi yameshapakiwa, wanakwenda Garissa, watapitia Kitui, watapita Migwani, ambako Ndila, mamake Mutanu, atakuwa sokoni na ndengu zake, asijue kwamba hilo gari linalopita limefungwa na bintiye... Mzee Mbithi, mwenye gereji, ameinama dirishani, anasema kitu, breki si zinashika, basi toa hiyo balbu mama aende, taa haijawahi kuua mtu, na Mutanu anaitika ee mzee, bila kusikia, kwa maana breki kweli zinashika, lakini taa inasema kuna gurudumu moja gari halilisomi, Mama Sabrin akikanyaga breki ghafla kwenye lami yenye maji magurudumu yatakwama na gari litaserereka, na ndani yumo bibi wa watu... halisomi, kwa nini, sensa, kile kijicho cha kusoma gurudumu, aliisafisha, waya ni mzima, aliufuata kwa vidole mara mbili, na sensa husoma sumaku, sumaku imo kwenye beringi, upande mmoja tu... ngoja... ngoja Mutanu, ulipoitoa kwenye boksi ukaiweka juu ya meza, upande mmoja ukashika unga wa chuma, ukaupangusa kwa kidole gumba, ukarudi, ukaupangusa tena, ukailaumu meza kwa uchafu, meza gani, ile ilikuwa sumaku, moyo unamruka, anacheka peke yake, sumaku, na upande ule uliupeleka wapi, ukaupeleka nje, nje kabisa, ulikuwa unakutazama usoni wakati unaipiga presi iingie, na sensa iko ndani, maskini inatazama chuma kitupu, beringi imeingia kinyume, ni hivyo tu, hakuna mchawi, amejua, hakuambiwa na mtu wala kompyuta, amejua mwenyewe hapa kwenye kiti, angeweza kupiga kelele... na aliyeiweka kinyume ni nani... Nje, Mzee Mbithi anamweleza Mama Sabrin kwamba spea za siku hizi ni bure, hizi za bandia, anasema, na Mama Sabrin anatikisa kichwa akikubali, mlango wa kukwepa uko wazi, mtu anaweza kupita hapo, hakuna atakayejua kamwe, wataagana vizuri, lakini hii furaha haitaki kukaa kimya, kuficha kosa ni kuficha pia kwamba amelijua mwenyewe, na Mutanu anatoa kichwa dirishani.

"Si spea, Mama Sabrin. Ni mimi. Nimeiweka kinyume."

Mzee Mbithi anatazama ardhi, anamwita mwiitu, binti, kwa sauti ya chini ya kumwonya, Mama Sabrin anatazama masanduku, anatazama saa.

"Na balbu ikitolewa, tutafika?"

"Pengine mtafika. Lakini gari likiwa na shida halitawaambia."

"Kuitengeneza ni muda gani?"

"Masaa mawili. Hii beringi ikitoka itaharibika, nitanunua ingine mimi."

Mama Sabrin anavuta kiti cha plastiki mpaka kivulini, anamwambia mamake kwa upole, "Hooyo, keti kidogo," na yule bibi anaketi, anajitengeneza mtandio, na taa ingali inawaka palepale, njano, haijabadilika hata kidogo, na Mutanu ameshaanza kutafuta jeki kwa macho...