Rangi Juu ya Mbao Mbichi

Lori lilipomwaga mbao za kibanda cha wajawazito mbele ya zahanati, Serafina alikuwa wa kwanza kuzigusa. Kijiji kilimwita Mama Sikujua, kwa jina la binti yake wa kwanza, lakini likija suala la rangi walimwita Fundi. Kazi hiyo alifunzwa na baba yake, seremala wa misheni ya Ushirombo, na milango ya kanisa lao aliipaka yeye. Alipitisha kiganja juu ya ubao mmoja, kikarudi na unyevu. Mbao zilikuwa za kijani, nzito kana kwamba zimeopolewa mtoni. Zilikuwa mbao za dawa, zile zinazoshindiliwa dawa kwa mashine kiwandani hadi ndani, mchwa wasizile wala mvua isizioze.

Akaomba kikombe cha maji, akamwaga kidogo juu ya ubao. Maji hayakuzama. Yalijikusanya matone matone, yakateleza chini.

"Hazijakauka," alimwambia Cornel, katibu wa kamati ya ujenzi.

Akamweleza la kufanya. Mbao zipangwe kivulini, kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili hewa ipite, zikae mwezi mzima au zaidi. Siku zitakapoyanywa maji, ndipo zipakwe. Rangi yenyewe, makopo manne ya mafuta ya kahawia yaliyopatikana kwa kibali baada ya kuhangaika miezi, ilikuwa ya kunywewa na mbao, si ya kukaa juu kama utando wa uji. Ubao ulioshiba maji utainywea wapi?

Cornel alikuwa mwalimu zamani, mtu mpole wa maneno, ambaye hakupenda kuelezwa jambo na mtu asiyevaa viatu. Akasema Mwenge wa Uhuru unapita Ijumaa, na kibanda kimo katika orodha ya miradi ya kuzinduliwa. "Mwenge hausubiri mbao, Mama Sikujua."

Serafina alikataa siku mbili, huku maseremala wakisimamisha kibanda na mabenchi yake. Aliyemgeuza ni Nesi Febronia, mkunga wa zahanati, aliyemfuata hadi shambani kwenye pamba. Alisema kibanda kisipozinduliwa mabati yatahamishiwa kijiji kingine, na wanawake wanaotembea nusu siku kuja kusubiri uchungu wataendelea kukaa juani. Hilo Serafina hakuweza kulipinga. Akashika brashi. Siku tatu alipaka huku nafsi ikimsuta, akiiona rangi inavyoelea juu ya ubao bila kuzama.

Ijumaa kibanda kiling'aa. Mgeni rasmi akakata utepe, akasifu, akaondoka na msafara wake. Fundi hakutajwa, na hilo halikumuuma.

Kisha mvua za Aprili zikaja. Rangi haikuwa imekauka. Ilinata, ikajikunja, ikaanza kubanduka kama ngozi ya mjusi. Asubuhi moja akaja Mbuke, binti mwenye mimba ya miezi minane, pamoja na mama mkwe wake. Alikaa kwenye benchi mpaka saa nne. Alipoinuka, kitenge chake kilikuwa kimelowa nyuma, chekundu-kahawia, kuanzia kiunoni hadi mapajani.

"Mayu wane!" mama mkwe akamlilia mama yake kwa Kisukuma, akamkamata Mbuke mabega.

Wanawake wakawazunguka. Mbuke aligeuza shingo, akaona, akaanguka kwenye saruji. Febronia akaja mbio, akapiga magoti, akagusa kitenge, akanusa vidole. Haikuwa damu, ilikuwa rangi. Lakini Mbuke alitetemeka hadi jioni, na Febronia alikaa naye, sikio juu ya tumbo, mpaka aliporidhika kwamba mtoto yu salama.

Serafina alipoitwa akamkuta binti amelala kwa ubavu, kitenge chake pekee cha kutokea kimeharibika. Aibu ilimshika kwanza. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikaa.

Ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka ambao mtu mwenye vipande vichache vya sabuni ya ziada aliweza kukamatwa nyumbani kwake kama mhujumu uchumi. Jumapili, katika mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa zahanati, Cornel alisimama, na bila kupandisha sauti akasema fundi alichanganya rangi na mafuta ya taa. Rangi halisi ilikokwenda, akasema, fundi mwenyewe anajua. Kitendo hicho siku hizi kina jina, nalo ni hujuma.

Watu wakageuka kumtazama. Otmar, mumewe, akamvuta pindo la kanga asiinuke. Akainuka.

"Shikamooni wazee," alisema. Akamgeukia Cornel. "Nilisema mbao hazijakauka. Nesi alisikia, dereva wa lori alisikia. Wewe ulisema Mwenge hausubiri. Leo mhujumu ni mimi?"

Serafina akamwomba mwenyekiti, Mzee Marselino, kopo la mwisho liletwe kutoka stoo, ambayo ufunguo wake alikaa nao katibu. Likaletwa, likiwa limebaki nusu. Akaomba tena kipande cha ubao kilichobaki siku ya ujenzi, ambacho Febronia alikuwa amekiweka varandani kuegeshea mlango. Ubao ulikuwa uleule wa kijani, ila huu ulikuwa umekaa mahali pakavu wiki saba. Akamwaga maji juu yake. Yakazama mbele ya macho ya watu. Akaufuta, akauacha juani hadi mkutano ulipokaribia kwisha, kisha akaupaka mpako mmoja mwembamba kutoka kopo lile, akamkabidhi mwenyekiti akae nao kwake.

Siku ya nne Marselino alitembeza ule ubao nyumba kwa nyumba, akiusugua kwa leso yake nyeupe mbele ya kila aliyetaka kuona. Leso ilibaki nyeupe.

Jioni hiyo Cornel akaja kwa Serafina na kilo ya sukari imefungwa kwenye gazeti. Akasema wilayani wangemuuliza yeye, na mtu akibanwa husema lolote. Akaomba wayaache yaliyopita na kazi ianze upya.

"Maneno hayo utayasema mkutanoni?" Serafina aliuliza.

Cornel akaitazama sukari.

"Ulinitukana mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu. Kabla ya hapo brashi yako sishiki." Akamrudishia kifurushi chake. Otmar aliisikitikia sukari ile wiki nzima, maana nyumbani walikuwa wakinywa chai ya chumvi.

Mkutano wa Mei ukapita, na wa Juni. Katika ule wa Julai Marselino alisimama, akasema kijiji kilimkosea fundi, nacho kinamwomba radhi. Wengi wakapiga makofi. Serafina hakupiga. Alikuwa akimtazama Cornel, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa. Kalamu ilikuwa mkononi, na haikusogea.

Angeweza kuendelea kukataa. Haki ilikuwa yake. Lakini wajawazito walikuwa wakiogopa mabenchi, wakikaa chini sakafuni na miguu iliyovimba, na kila alipopita njia ya zahanati aliwaona.

Agosti, mbao zilipokauka hata zikalia zikigongwa, akaanza. Alijifunga kanga puani kwa sababu ya vumbi la dawa, akakwangua rangi ya zamani kwa vipande vya chupa. Siku ya pili Mbuke akaja, mtoto wa kike mgongoni. Akamwachia mtoto Febronia, akajifunga kanga naye, akachukua kipande cha chupa bila kuulizwa.

Cornel alipita na baiskeli, akapiga kengele, akawaamkia na kuwapa pole ya kazi. Mbuke akaitikia. Serafina akaendelea kukwangua.