Mafuta ya Cherehani Kwenye Feni

Maneno yaliletwa na mteja aliyekuja kupunguziwa gauni. Alisimama mbele ya kioo, pini zimemzunguka kiunoni, akasema amesikia kuna nyumba imeungua mtaa wa pili na chanzo ni kompyuta. Ilinguruma, ikanguruma, watu wakaizoea, kisha ikalipuka. Fundi akamuuliza nani kamwambia. Jirani. Na jirani kaambiwa na nani? Hapo mteja akainua mabega, akaomba gauni lisimbane sana makalioni.

Gauni likaisha, mteja akalichukua akaenda zake. Maneno yakabaki. Yalimng'ang'ania fundi kama nyuzi kwenye sketi nyeusi, kwa sababu ndani ya chumba kilekile alichoshonea, upande wa dirishani, palikuwa na kompyuta, nayo ilikuwa inanguruma.

Ilikuwa ya binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda ingawa alishakuwa mtu mzima na kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kukata na kuunganisha video za watu. Akiwa anachagua picha tu, mashine ilikaa kimya. Lakini ikifika kwenye kutoa video nzima, kuna kadi moja humo ndani, ile inayochora picha za kwenye skrini, ilianza kuchemka, na feni yake ndogo iliyotoka nayo kiwandani ikapiga kelele kama kinu cha kusaga unga. Chumba kikawa moto, fundi akifuta jasho lisidondokee kitambaa cha mtu.

Kitinda alimweleza kwa upole. Feni ya kiwandani ni ndogo, kwa hiyo lazima ikimbie sana ndiyo itoe joto. Kelele si ugonjwa, ni kazi. Tena alishaagiza kipoza joto kingine, kikubwa, chenye mabomba ya shaba na feni pana zinazozunguka polepole. Kikifika watasahau habari ya kelele. Katika maelezo yote hayo mama alishika neno moja tu, joto. Siku iliyofuata aliweka ndoo ya mchanga chini ya meza ya kompyuta. Kitinda akajikwaa nayo, wakacheka.

Kisha hawakucheka tena, maana mama alianza kuzima. Binti akiingia kuoga, mama anachomoa waya ukutani. Binti akienda dukani, mama anachomoa. Kazi ya asubuhi nzima ikawa inapotea, na akiulizwa anasema nyumba ikiungua hiyo video utamwonyesha nani. Mwishowe Kitinda akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema taratibu, "Mama, nimeongea na shoga yangu. Kwake kuna nafasi. Nitahamia huko na mashine yangu, wewe upumzike."

"Sawa," fundi akasema, akakata uzi kwa meno.

Haikuwa sawa hata kidogo. Watoto wa kiume walishaondoka mmoja mmoja, nyumba ilikuwa imebaki na wao wawili. Akapiga hesabu zake akiwa anakanyaga cherehani, akaona kinachomwondoa mwanawe si kingine, ni ile kelele. Kelele ikiisha, mtoto anabaki. Na habari ya mashine kulia aliijua vizuri. Tangu amalize darasa la saba alikuwa kwenye cherehani, na cherehani ikilia dawa yake ni mafuta. Hilo halihitaji kuuliza mtu.

Kitinda alipotoka kupeleka kazi kwa mteja, mama akafungua ubavu wa sanduku lile. Akaiona feni. Ilikuwa imevaa vumbi la kijivu, akaona aibu kama aliyekutwa na wageni kabla ya kufagia. Akafuta palipofikika. Akachukua kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu, akadondosha tone katikati ya feni. Ikaonekana bado ina kiu. Akaongeza, na tena akaongeza. Akafunga, akanawa mikono, akarudi kwenye suruali aliyokuwa anaitia zipu.

Binti akarudi, akawasha, akaanza kazi nzito. Kimya. Kitinda akageuka na uso wa kushangaa, akasema leo imetulia. Mama akajibu labda imezoea nyumba. Akakanyaga cherehani huku anaimba kwa pua. Alikuwa hajafika mwisho wa zipu aliposikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya nailoni, na skrini ikawa nyeusi.

Kitinda alifungua sanduku, akagusa kadi, akarudisha kidole haraka. Feni haikuwa inazunguka. Vumbi lililobaki lilikuwa limelowa mafuta na kuganda kama ugoro, na ndani ya ule uchafu zilionekana nyuzi: za bluu, nyekundu, hata za dhahabu za lile gauni la mteja. Akanusa vidole vyake. Harufu ile alikuwa amekua nayo.

"Mama, umeitia mafuta?"

"Ilikuwa inalia."

"Mashine hii haitiwi mafuta hivyo, mama."

"Nilitaka inyamaze," fundi akasema, macho kwenye zipu, "ili usiondoke."

Kitinda akakaa chini sakafuni, palepale kwenye vipande vya vitambaa. Kisha akasema yeye alidhani mama ndiye aliyemchoka. Kila siku zima, zima. Akaona mtu mzima anayefukuzwa kwao lazima ajiongeze. Mama akamwambia mtu akimchoka mwanawe hamwekei ndoo ya mchanga. Hapo binti akacheka na machozi yakamtoka, na mama akamfuta kwa kipande cha bitana kilichokuwa karibu.

Kama kadi ilikuwa imekufa au la, hawakujua. Kipoza joto kilipofika, waliitandika meza ya kukatia nguo na kufanya kazi pamoja. Kitinda alifungua, mama akabana skrubu kwa midomo kama anavyobana pini, akaambiwa asije akazimeza. Yeye ndiye aliyesugua nyuzi kwa brashi laini ya cherehani, kwa spiriti, mpaka kadi ikawa safi kama sahani. Feni ya zamani ikatoka. Binti akapaka grisi mpya ya kupitisha joto, kidogo tu, akaketisha kile kidude kipya. Mama akasema kinafaa kupoza lori.

Wakawasha. Skrini ikawaka. Kazi nzito ikaanza, lakini sauti haikuja. Safari hii kimya kilimtisha. Akaweka kiganja nyuma ya sanduku, kama alivyokuwa akiweka mbele ya pua ya Kitinda alipokuwa kichanga, akilala kimya mno. Upepo ulitoka, wa vuguvugu, wa taratibu. Kitinda akamwambia joto ni lilelile, ila sasa linatoka bila kugombana na mtu. Dirisha lazima liwe wazi.

Kisha akampigia shoga yake, mbele ya mama, akashukuru, akasema haji. Akahama, ndiyo, lakini hadi chumba cha kaka zake, ng'ambo ya korido, mbali na nyuzi. Siku hizi fundi humwomba aache mlango wazi, amsikie walau akikohoa.

Basi wewe mama mwenye mtoto na mashine ya namna hii, epuka haya:

Usitie mafuta ya cherehani kwenye feni ya kompyuta, hata tone.
Usichomoe waya mtu akiwa kazini.
Usiweke mashine hiyo chumba kimoja na kitambaa kinachokatwa.
Usiifunike, wala usiisukume ikabana ukuta.
Usidhani ikinyamaza imepona. Weka kiganja, sikia upepo.
Usinunue kipoza joto kabla ya kupima kama kitaenea ndani ya sanduku.
Usifunge dirisha kwa sababu kelele imeisha.
Usiamini habari ya moto ambayo mwenye nyumba iliyoungua hajulikani.
Usimfiche mwanao kwamba unataka abaki.